Shilingi 20,000 za vitabu vya mtoto: uzipeleke wapi?

Mzazi anayeingia duka la vitabu Dar es Salaam akiwa na noti mbili za elfu kumi anaweza kutoka na vitu tofauti kabisa, kutegemea rafu aliyosimama mbele yake. Kwenye rafu ya vitabu kutoka nje, vyenye jalada gumu na karatasi zinazong'aa, fedha hiyo mara nyingi haitoshi hata kimoja. Kwenye rafu ya vitabu vyembamba vya Kiswahili vilivyochapwa nchini, atapata vitatu au vinne. Akiipeleka kwenye nauli ya kwenda maktaba, au kwenye bando na kutoa kopi, hesabu inageuka tena. Nimezilinganisha njia hizi kwa ajili ya mzazi mwenye mtoto wa miaka mitatu hadi minane, yule ambaye bado anasomewa au ndiyo kwanza anaanza kusoma mwenyewe. Bei ninazotaja ni za kukadiria, kwani hutofautiana duka kwa duka na mkoa kwa mkoa. Weka bei za mtaani kwako mahali pa hizi zangu, njia ya kupiga hesabu ni ileile.

Na njia yenyewe ni hii: usigawe bei kwa idadi ya kurasa, igawe kwa idadi ya mara ambazo kitabu kitasomwa. Mtoto mdogo akikipenda kitabu hakichoki. Atakileta leo, kesho na keshokutwa, na ukiruka sentensi moja atakurudisha. Kitabu cha shilingi 6,000 kilichosomwa mara 40 kimegharimu shilingi 150 kila kiliposomwa. Kitabu cha shilingi 25,000 kilichosomwa mara mbili, kisha kikapandishwa juu ya kabati kisije kikachafuka, kimegharimu shilingi 12,500 kila mara. Kwenye nyumba nyingi kitabu cha mtoto kilicho ghali kuliko vyote ni kile kilicho safi kuliko vyote.

Kwa kipimo hicho, kitabu chembamba cha Kiswahili ndicho ninachoanza nacho. Kina kurasa 16 hadi 24, kimebanwa kwa pini mbili mgongoni, na kwa kawaida bei yake iko kati ya shilingi 3,000 na 10,000. Vitabu hivi havikujileta vyenyewe. Soko la hadithi za watoto lilikuwa dogo mno kwa mchapishaji kuthubutu, hadi Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulipoanza mwaka 1991. Mradi ulinunua sehemu kubwa ya nakala za kila kitabu ulichokikubali na kuzipeleka shuleni, na mchapishaji akabaki na zilizosalia za kuuza madukani. Mwaka huohuo Walter Bgoya alianzisha kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota, ambayo vitabu vyake utavikuta kwenye duka la vitabu la TPH, mtaa wa Samora, Dar es Salaam. Leo mzazi ana pa kuchagua, tofauti na wazazi wetu waliotulea na kitabu cha darasani peke yake.

Kabla ya kulipa, fungua kitabu katikati na usome ukurasa mmoja kwa sauti, palepale dukani, hata kama muuzaji anakutazama. Ulimi ukijikwaa kwenye sentensi ya pili, kirudishe. Kitabu cha kusomea watoto huandikwa kwa ajili ya sikio, na wapo waandishi wanaomwandikia mtoto wa miaka minne kama wanamwandikia ofisa elimu. Kisha tazama picha. Je, kuna jambo kwenye picha ambalo maneno hayakulisema? Paka amejificha nyuma ya mtungi, mama ameshika kitu mgongoni, mawingu yamekusanyika? Picha ya namna hiyo itakupa maongezi ya wiki nzima. Mwisho vuta karatasi ya kati taratibu. Ikiwa inacheza kwenye pini tangu dukani, haitamaliza mwezi mikononi mwa mtoto.

Wauzaji wa mitumba wanaotandaza vitabu kando ya njia, kama kule Posta, ni njia nyingine nzuri kwa mwenye muda wa kupekua. Vingi ni vya Kiingereza, na humo kuna theluji, mabomba ya moshi na wanyama ambao mtoto wa Mbagala hajawahi kuwaona. Hilo halinisumbui. Kinachofaa hapo ni vile vya kurasa nene ngumu, ambavyo hata mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kuving'ata bila kuviua, na vile vyenye picha nyingi na maneno machache. Usihangaike na Kiingereza chake. Simulia picha kwa Kiswahili. Pekua kurasa zote kabla hujapatana bei, maana ukurasa wa mwisho ukikosekana hadithi inakatika na mtoto hatakusamehe.

Hapa nizungumzie lugha, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea. Wazazi wengi hulipa mara tatu au nne zaidi kununua kitabu cha Kiingereza wakiamini kinamwandalia mtoto sekondari. Nawaelewa; shule ya sekondari ni ya Kiingereza na hofu hiyo si ya bure. Lakini mzazi anayesoma Kiingereza kwa kuunga herufi hawezi kumweleza mtoto kwa nini fisi amekasirika, hawezi kutania, hawezi kubadili sauti. Atamaliza kurasa haraka ili aibu iishe. Kitabu cha bei kubwa kinageuka adhabu ya watu wawili. Soma kwa lugha unayogombezea na kubembelezea. Kama nyumbani ni Kihaya au Kisukuma, chukua kitabu cha Kiswahili na ukisimulie kwa Kihaya au Kisukuma.

Sasa maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na mikoa mingi ina maktaba zake chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Ada ya mtoto ni ndogo kuliko ya mtu mzima, hivyo kwa mkazi wa Dar gharama inayouma ni nauli. Tuchukulie daladala ya shilingi 600. Mzazi akienda na kurudi, mtoto akiwa amepakatwa, ni shilingi 1,200. Mkikaa humo asubuhi nzima ya Jumamosi na kusoma vitabu sita, kila kimoja kimegharimu shilingi 200 na mtoto amejichagulia mwenyewe. Faida ya maktaba hasa ni hiyo ya kujichagulia. Mtoto akiokota kitabu kibaya hujapoteza kitu, unakirudisha rafuni. Ila kwa anayeishi Chanika au Kibamba, mwendo ni mrefu na foleni inamaliza hamu yote. Kwake maktaba ni safari ya mara moja kwa mwezi, si njia ya kila wiki.

Simu inaonekana kuwa ya bure, na kwa upande wa vitabu vyenyewe ni kweli. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka 2014, una hadithi za picha kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika, na programu yake ya simu hukuruhusu kushusha hadithi ukasome baadaye bila intaneti. Hadithi zimepangwa kwa ngazi, kuanzia maneno ya mwanzo hadi zile ndefu za kusomewa kwa sauti. StoryWeaver ya Pratham Books, India, iliyoanza 2015, nayo ina za Kiswahili. Shusha ukiwa kwenye waifai ya kazini au ya jirani mwenye roho nzuri, na bando lako litabaki salama. Zipitie kwanza wewe, kwani waandishi na watafsiri ni wengi na Kiswahili chao hakilingani. Nyingine zinasomeka kama maji, nyingine zina upatanisho wa kisarufi unaoumiza masikio.

Gharama ya simu iko mahali pengine. Mwaka 2019 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti kutoka Michigan, Marekani, uliowatazama wazazi 37 wakisoma na watoto wao wadogo, mara kwa kitabu cha karatasi na mara kwa kitabu cha kwenye kishikwambi. Kwa kishikwambi wazazi na watoto waliongea kidogo zaidi, na kushirikiana kulipungua. Anayemshikia mtoto simu analijua hili: kidole kinataka kubonyeza, ujumbe unaingia, mtoto anaomba katuni. Mimi sisemi simu iachwe. Nasema itumike kama duka, kisha hadithi itolewe humo na kuwekwa kwenye karatasi.

Na hilo linaruhusiwa. Hadithi za African Storybook na StoryWeaver zina leseni huria, kwa hiyo unaweza kuzichapa na kuzigawa bila kumwomba mtu. Hadithi ya kurasa 16 ikipangwa kurasa mbili kila upande inaenea kwenye karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati. Hizo ni pande nane. Kwa shilingi 100 kila upande, kitabu kizima ni shilingi 800. Ukitaka rangi kwa shilingi 500 kila upande, unafika 4,000, na kwa bei hiyo heri ununue kilichochapwa kiwandani. Toa cha rangi nyeusi, kishone mgongoni kwa sindano na uzi wa nguo matundu matatu, umpe mtoto penseli za rangi. Kuku atakuwa wa zambarau, na mtoto hataacha kitabu hicho kipotee.

Yote hayo ni bei ya kitu. Kinachoamua faida ni namna ya kusoma, nayo haina bei. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba mzazi akiacha kusoma mfululizo na kuanza kumuuliza mtoto maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, lugha ya mtoto inasogea mbele ndani ya wiki chache. Utafiti ulio karibu nasi zaidi ni wa Heather Knauer na wenzake, uliochapishwa 2020, kutoka vijijini Kenya. Familia zilipewa vitabu vya hadithi vyenye picha, na baadhi zikapewa pia mafunzo ya namna ya kuzungumza na mtoto juu ya kitabu. Pale mafunzo yalipoambatana na vitabu, watoto walijifunza maneno mengi zaidi ya vitabuni. Na jambo ambalo kila nyumba yenye bibi ingepaswa kulisikia: watoto wa walezi wasiojua kusoma walifaidika si chini ya wengine.

Bibi asiyejua herufi anafanyaje? Hivi. Kitabu kiko magotini, ukurasa una kuku na vifaranga, na juu kona kuna ndege.

"Mume wangu, hawa nani?"

"Kuku."

"Kuku peke yake?"

"Na watoto wake."

"Mbona mama yao ametazama juu?"

Mtoto anatafuta kwa kidole, anafika kona. "Bibi, kuna mwewe!"

"Ehee. Sasa wewe ungekuwa kuku ungefanyaje?"

Hakuna neno lililosomwa hapo, na mtoto ameeleza, ameona sababu, amekisia kitakachofuata. Kesho baba atamsomea maneno na atakuta mtoto tayari anaijua hadithi. Yule bibi anayesema "paukwa" na kungoja "pakawa" amekuwa akifanya kazi hii miaka yote bila malipo. Kitabu kinamwongezea picha tu.

Basi ningekuwa na shilingi 20,000 za mwezi huu, na ada ya maktaba imeshalipwa, ningenunua vitabu viwili vya Kiswahili vya shilingi 6,000 kila kimoja, nikatoa kopi hadithi nne kwa shilingi 3,200, na nilizobaki nazo, shilingi 4,800, ningezifanya nauli ya safari nne za maktaba. Aliye mbali na maktaba aongeze hadithi za kopi. Kwa mtoto aliyefika miaka kumi na kuendelea mambo hubadilika. Huyo anataka kitabu kirefu cha kusomewa sura moja kila usiku, na riwaya ya vijana kama Ngome ya Mianzi ya M. M. Mulokozi itawashikilia majuma kadhaa kwa bei ya kitabu kimoja.

Lakini njia inayonivutia kuliko zote ni mchezo, ule wa upatu, ukichezwa kwa vitabu. Familia sita za mtaa mmoja, kila moja inanunua kitabu kimoja cha shilingi 6,000, tofauti na cha mwenzake. Kila baada ya wiki mbili vitabu vinahama nyumba. Baada ya wiki 12 kila mtoto amesomewa vitabu sita kwa shilingi 1,000 kila kimoja, na kitabu cha kwanza kimerudi kwa mwenyewe. Kubalianeni mapema mambo mawili. Kila kitabu kivalishwe kava la nailoni siku ya kwanza, na kitakachochanika kibandikwe selotepu na nyumba kilimochanikia, kisha kiendelee na safari bila ugomvi. Asiyepeleka kwa wakati atafuatwa na watoto wenyewe, na hao hawana aibu ya kugonga mlango.