Kuuliza si Ujinga: Jinsi Manowari Zinavyoepuka Kugongana, na Sababu za Kushindwa

Utangulizi

Aliyezaliwa Mukurweini, katika Kaunti ya Nyeri, hulelewa na milima na mabonde, wala si na mawimbi. Kutoka huko hadi ufuo wa Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500, na wengi wetu huiona bahari kwa mara ya kwanza tukiwa watu wazima. Hata hivyo, suala la kugongana si geni kwetu. Barabara za huko hupinda kufuata migongo ya milima, na dereva mwangalifu anapoikaribia kona asiyoweza kuona ng'ambo yake hupunguza mwendo, hushika upande wake na kupiga honi. Kwa honi hiyo anamwambia mwenzake asiyemwona: mimi nipo, nawe uko wapi?

Makala haya yananuia kueleza jinsi manowari, yaani meli za kivita, zinavyoepuka kugongana baharini, na kwa nini wakati mwingine hushindwa licha ya kuwa na mitambo ya bei ghali kupindukia. Dai letu ni kwamba chombo hakiokolewi na mitambo pekee bali pia na mawasiliano. Katika ajali tutakazozieleza, palikuwa na shaka ambayo haikutamkwa, au iliyotamkwa isisikilizwe. Kwa sababu hiyo, suala hili linamhusu pia mwanafunzi wa lugha.

Sheria za njia isiyo na lami

Bahari haina lami wala mstari mweupe wa katikati. Badala yake zipo Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, zilizokubaliwa mwaka wa 1972 na kuanza kutumika mwaka wa 1977. Kanuni hizo huzifunga meli zote, zikiwemo manowari. Msingi wake ni kwamba kila chombo sharti kiwe na watu wanaoangalia kwa macho na kusikiliza kwa masikio wakati wote.

Kanuni tatu zafaa kukumbukwa. Kwanza, meli mbili zenye injini zikikabiliana uso kwa uso, kila moja hugeukia kulia. Hapa mtu wa Nyeri hana budi kuiacha tabia ya barabarani, ambako sisi hushika kushoto. Pili, njia zao zikikatana, meli inayomwona mwenzake upande wake wa kulia ndiyo inayopaswa kumpisha. Yule anayepishwa hudumisha mwelekeo na mwendo wake ili atabirike. Tatu, anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye mwenye jukumu la kukaa mbali naye.

Usiku kanuni hizi husomwa kwa taa. Meli ina taa nyekundu upande wa kushoto, ya kijani upande wa kulia, nyeupe mlingotini na nyeupe nyingine kwenye tezi, yaani nyuma. Baharia akiona nyekundu na kijani kwa pamoja, hujua kwamba omo la chombo kile limemwelekea yeye. Akiona nyekundu pekee, anauona ubavu wa kushoto wa mwenzake, nayo meli hiyo yaelekea kushoto kwake. Kwa hiyo taa zina sarufi: rangi moja haitoshi, bali maana hupatikana katika mpangilio.

Honi nayo ina msamiati wake. Mlio mmoja mfupi humaanisha "nageukia kulia". Miwili, "nageukia kushoto". Mitatu, "injini zangu zinarudi nyuma". Milio mitano au zaidi, mifupi na ya haraka, humaanisha kwamba anayeipiga haielewi nia ya mwenzake au ana shaka iwapo mwenzake anafanya vya kutosha kuepuka ajali. Msomaji aikumbuke milio hiyo mitano, kwa maana ndiyo swali la baharini.

Hatari yenyewe hupimwaje? Fikiria watu wawili wanaotembea katika vijia viwili vinavyokutana shambani. Ikiwa kila ukimtazama mwenzako yuko pembe ileile, huku umbali ukipungua, basi mtafika njia panda pamoja. Baharini ni vivyo hivyo. Afisa wa zamu humpima mwenzake kwa dira mara kadhaa. Pembe isipobadilika ilhali umbali unapungua, mgongano unakuja. Kwa kuwa manowari yenye uzito wa maelfu ya tani haisimami ghafla kama matatu, uamuzi hutakiwa kufanywa mapema, na ugeukaji uwe mkubwa kiasi cha kuonekana na mwenzake bila shaka.

Mfano wa karibu: mlango wa Kilindini

Hatuhitaji kwenda mbali kuziona kanuni hizi. Kambi ya Jeshi la Wanamaji la Kenya iko Mtongwe, ndani ya bandari ya Kilindini. Manowari inayotoka huko kuelekea bahari kuu sharti ipitie mkondo uleule ambao feri za Likoni huukata mchana na usiku zikiwavusha watu na magari. Katika mkondo mwembamba, meli hushika ukingo wa kulia kadiri iwezekanavyo, na chombo kinachokata njia hakiruhusiwi kuizuia meli ambayo haiwezi kupita salama nje ya mkondo huo. Ndiyo maana abiria wa Likoni huzoea kungoja meli kubwa ipite kwanza. Kungoja huko kwaweza kumkera mwenye haraka, lakini ni sehemu ya usalama wake.

Watu wa huko wanaujua uzito wa msiba wa majini. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipinduka Mtongwe na kuua watu 272. Feri hiyo haikugongana na chombo kingine, lakini msiba ule hutukumbusha ni roho ngapi hutegemea uangalifu wa wachache wanaoendesha chombo.

Kwa nini manowari hushindwa

Sababu ya kwanza iko katika maumbile ya manowari yenyewe. Kanuni za bahari zinataka kila chombo kionekane, ilhali manowari imeundwa isionekane. Hupakwa rangi ya kijivu, na nyingi za kisasa huchongwa umbo linalopunguza mwangwi wake kwenye rada za wengine. Meli kubwa za biashara hulazimika kubeba mtambo unaotangaza jina, mahali na mwendo wao. Manowari hazifungwi na sharti hilo, na mara nyingi huuzima mtambo huo. Basi mzigo wa kuepuka mgongano humwelemea zaidi yule anayejificha, kwa kuwa anaona zaidi ya anavyoonekana.

Sababu ya pili ni ukimya ndani ya chombo. Usiku wa tarehe 17 Juni 2017, manowari ya Marekani iitwayo USS Fitzgerald iligongana na meli ya makasha ACX Crystal karibu na Japani. Mabaharia saba walikufa katika vyumba vya kulala vilivyofurika maji. Meli zilizoleta hatari zilikuwa upande wa kulia, kwa hiyo Fitzgerald ndiyo iliyopaswa kupisha. Ripoti ya jeshi hilo ilionyesha kwamba walinzi wa kuangalia kwa macho waliwekwa upande wa kushoto tu. Afisa wa zamu hakumwamsha nahodha ingawa maagizo yalimtaka afanye hivyo, wala hakupiga ile milio mitano, wala hakuita kwa redio. Waliokuwa kwenye usukani na waliokuwa katika chumba cha rada hawakupashana habari ipasavyo. Vifaa vya kuuliza vilikuwepo, lakini havikutumiwa.

Sababu ya tatu ni mitambo isiyoeleweka na watu waliochoka. Tarehe 21 Agosti mwaka huohuo, USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na Singapore, wakafa mabaharia kumi. Nahodha aliamuru kazi ya usukani na ile ya kudhibiti kasi zigawanywe kati ya watu wawili. Katika kugawanya, usukani wenyewe ulihamia meza ya pili bila waliokuwa zamu kutambua, na aliyekuwa akiushika akadhani umekufa. Ilipoamriwa mwendo upunguzwe, rafadha ya kushoto pekee ndiyo iliyopunguzwa, na meli ikajipinda kushoto, ikaingia njiani mwa mwenzake. Baadaye jeshi hilo liliamua kurejesha vishikio vya mkono vya kudhibiti kasi mahali pa vioo vya kugusa. Kuhusu uchovu, uchunguzi wa jeshi hilohilo wa mwaka wa 2014 ulikuwa umeonyesha mabaharia wakiwa kazini kwa saa 108 kwa wiki.

Sababu ya nne ni kudhani kwamba tumeelewana. Alfajiri ya tarehe 8 Novemba 2018, manowari ya Norwe iitwayo Helge Ingstad ilikaribia kituo cha mafuta cha Sture. Wakati wa kupokezana zamu, maafisa waliziona taa nyingi na wakaamini kwamba ni za kitu kisichosogea. Kumbe ni meli ya mafuta Sola TS iliyokwisha ng'oa nanga huku taa za sitaha zikiwaka na kuzimeza taa zake za safari. Meli hiyo iliita kwa redio ikiiomba manowari igeukie kulia. Manowari ilijibu, lakini afisa wake alidhani anazungumza na meli nyingine. Pande zote mbili zilizungumza lugha moja, na kila neno lilisikika. Kilichokosekana ni kukubaliana kuhusu kinachorejelewa. Hakuna aliyekufa, lakini manowari hiyo iliishia kuzama.

Sababu ya tano ni ya zamani kuliko rada. Tarehe 22 Juni 1893, karibu na Tripoli ya Lebanoni, Admirali George Tryon wa Uingereza aliamuru safu mbili za manowari zigeuke kuelekeana. Umbali kati ya safu hizo ulikuwa kama mita 1,100, na wasaidizi wake walijua kwamba hautoshi. Walimkumbusha, akashikilia neno lake. Kiongozi wa safu ya pili, Markham, alisita kuitikia ishara, naye Tryon akamhimiza mbele ya kundi zima. Markham akatii, akijiambia kwamba mkubwa wake lazima ana mpango. Camperdown ikaitoboa Victoria, na watu 358 wakafa, Tryon mwenyewe akiwa miongoni mwao.

Hitimisho

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali hiyo ni ya kweli, na mkanganyiko wa usukani ndani ya McCain ni ushahidi wake. Hata hivyo, Tryon anatuonyesha upande wa pili: nahodha mmoja asiyeulizika naye hukizamisha chombo. Kutoa amri ni kazi ya mmoja, lakini kuona na kutamka shaka ni kazi ya kila aliye zamu, hata baharia mdogo kabisa.

Tumeona kwamba kanuni za bahari ziliitengea shaka ishara yake maalumu, milio mitano, ili asiyeelewa asione haya kusema hivyo. Katika ndimi zetu tunayo methali iliyotangulia kusema hilo: kuuliza si ujinga. Vijana wa Mukurweini wanaojiunga na Jeshi la Wanamaji wataisikia bahari kwa mara ya kwanza huko Mtongwe. Watafundishwa rada na dira, na ni vyema. Lakini usiku ule ambapo pembe haibadiliki na umbali unapungua, kitakachowaokoa wenzao waliolala chini ya sitaha ni ujasiri wa kumwamsha nahodha.