Samaki Wako Anang'atwa Mkia Kwa Tangi? Hii Ndiyo Rada

Umebuy samaki wa kupamba keja, ukawaweka wote kwa tangi moja, na wiki haijaisha mkia wa mmoja unakaa nguo imeliwa na panya. Kabla ulaumu muuzaji, keti uangalie hiyo tangi dakika kumi hivi. Mwenye fujo atajitokeza tu.

Mara mingi ni tiger barb, wale wadogo wa mistari nyeusi. Asili yao ni Asia ya Kusini-Mashariki, na ni samaki wa kuishi kwa mbogi. Wakiwa wengi wanafukuzana wenyewe kwa wenyewe, kila msee anajua nafasi yake. Sasa ukinunua wawili tu juu doh imekatika, hizo fujo zote zinaangukia majirani. Na jirani akiwa betta ama guppy mwenye mkia mrefu, huyo ameisha.

Kwa hivyo usishangae dawa ikiwa ni kuongeza, si kupunguza. Tiger barb wanafaa kuwa sita kwenda juu, kwa tangi ya lita 80 ama zaidi. Kama tangi yako ni ndogo, usijaribu. Mpee beste mwenye nafasi. Na hata wakiwa kumi, usiwachanganye na wenye mikia mirefu.

Wengine nao wanapigania mtaa. Mbuna wa Ziwa Malawi, kwa mfano, akishakalia mwamba wake anawakia kila anayepita. Hapo panga mawe upya ndio mipaka ipotee, na uongeze maficho ndio mnyonge apate pa kujibanza.

Aliyeumia mtoe, umweke chombo chake. Mbadilishie robo ya maji kila siku mbili, na kama ni ya mfereji, tia kwanza dawa ya kutoa klorini. Pezi humea tena kama halijaliwa hadi kwa shina. Lakini likizidi kuisha na yuko pekee yake, jua si meno tena, ni bakteria wanaliozesha. Hiyo inataka dawa haraka, ama umpoteze.

Next time ukienda dukani, uliza maswali mbili kabla utoe pesa: huyu huishi na wangapi, na akikomaa anafika saizi gani?