Ebola, kura ya Beni, na tofauti ya ukweli na maoni



Katika magrupu yetu ya WhatsApp, mtu akiulizwa "hiyo habari umeitoa wapi?", anajibu haraka: "Ni maoni yangu, niko na haki." Ni kweli, kila mtu ana haki ya maoni. Lakini si kila neno la politike ni maoni. Tuchukue mfano wa kwetu.

Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Tarehe 26 Desemba, CENI ikasema Beni na Butembo hawatachagua tarehe 30 pamoja na wengine, watangoja Machi 2019. Sababu iliyotolewa: Ebola na ukosefu wa usalama. Lakini raisi mpya aliapishwa tarehe 24 Januari. Ni kusema, kwa kiti cha raisi, watu zaidi ya milioni 1 hawakuchagua. Hasira ikawaka, kituo kimoja cha Ebola mjini Beni kikashambuliwa. Wengi wakasema: "Njo munaona! Ebola ni uongo, waliileta kusudi tusichague."

Mimi nilisoma kilimo, kwa hiyo ninaeleza kwa mgomba. Mgomba ukinyauka, utasikia maneno ya aina tatu. La kwanza: "Majani yamekuwa ya manjano." Unaenda shambani, unaona. La pili: "Ni jirani ameloga." Hapo mtu anataja chanzo, na chanzo kinapimwa: kata shina, kama linatoa usaha wa manjano, ni bakteria, na panga chafu linaweza kuipeleka kwa migomba mingine. La tatu: "Serikali ingesaidia wakulima." Hayo ni maoni. Hakuna panga la kuyapima, tunabishana kwa sababu nzuri.

Turudi Beni. "Kura iliahirishwa": ukweli. "Haikuwa haki kuahirisha, wakati masoko na makanisa yako wazi": maoni, tena yenye nguvu. "Ebola ilitungwa juu ya uchaguzi": hilo si maoni, ni neno la kupimwa. Kama ilitungwa juu ya kura, ingeisha kura ikiisha. Lakini wagonjwa wengi zaidi walipatikana kisha uchaguzi, na ugonjwa uliisha Juni 2020 tu, ukiwa umeua watu 2,287. Tena virusi hivi vinajulikana Kongo tangu Yambuku, mwaka 1976.

Kwa nini basi watu waliamini? Juu uongo huo ulikaa katikati ya ukweli na maoni ya haki. Tangu 2014 watu wa Beni walikuwa wanachinjwa, na waliuliza kwa nini dunia inakimbilia Ebola kuliko mauaji. Swali hilo ni la haki. Septemba 2018, mbele ya CENI kusema kitu, uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo ulionyesha mtu 1 kati ya 4 haamini kwamba Ebola iko. Lakini kuonewa kweli hakufanyi virusi kuwa uongo. Waliowaficha wagonjwa nyumbani walizika jamaa zao. Na tarehe 19 Aprili 2019, munganga Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa hospitalini Butembo.

Wakubwa nao wasitumie jambo hili vibaya. Aliyelaumu uamuzi wa CENI hakuwa mwenye kueneza uongo, alitoa maoni ya raia. Kumwita mwongo ni kuchanganya mambo vilevile, upande wa pili.

Wenzangu, watu wa mtaani wanatuamini juu tumesoma. Mbele ya kupartaje habari, tujiulize: hili ni la kuona, la kupima, ao la kubishania? Kama ni la kupima, ni kitu gani kingeonyesha kwamba si kweli? Mtu akijibu "hakuna, hata ushahidi wenyewe ni sehemu ya njama", basi tusiitume.

Ninyi je, ni habari gani inazunguka kwenu sasa ambayo tungeipima pamoja?