Fundi, Jina Limerudi?

Mwezi wa saba wa mwaka wa uchaguzi, wateja wakiingia dukani kwangu Bariadi, mkoani Simiyu, husalimia, huweka redio au simu mezani, na kabla hawajasema ina ugonjwa gani huuliza: "Fundi, jina limerudi?"

Mgeni hawezi kuelewa swali hilo. Hapa kwetu hata mtoto wa shule analielewa. Mtu anachukua fomu ndani ya CCM, chama tawala, kuomba ubunge, wanachama wanapiga kura za maoni, na majina yanapanda vikaoni, wilaya, mkoa, mpaka Kamati Kuu na Halmashauri Kuu ya Taifa. Huko juu jina lako linaweza kurudi au kukatwa. Likirudi, kwa jimbo letu, umeshafika nusu ya safari au zaidi. Likikatwa, unabaki na watu wako na huna pa kuwapeleka. Mimi nimekuwa nikilifuatilia jambo hili tangu 1995, na nataka kulieleza kama ninavyoliona kutoka nyuma ya spika.

Kazi yangu ni redio na vipaza sauti. Nina amplifaya mbili, spika nne za honi, jenereta na maiki ambayo nimeilehemu nyaya zake mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Nimefunga mitambo kwenye mikutano ya CCM, UDP, CHADEMA na ACT-Wazalendo, kuanzia Nyakabindi na Dutwa mpaka Lagangabilili na Mwandoya. Chama kimoja bado kina deni langu la mikutano miwili, na sitakitaja. Kadi ya chama sina. Nina daftari la jalada gumu, na ndani yake kila uchaguzi una kurasa zake: jimbo, mgombea, chama, kura.

Aliyenisukuma kuandika ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayefanya kazi ya kuwahudumia wazee huko Calgary, Kanada. Mwaka 2025 alipiga kura huko kwa mara ya kwanza, tarehe 28 Aprili. Jumapili moja akanipigia na kuniuliza: "Mjomba, huku watu wanasema chama, chama, chama. Nyumbani nilikuwa nasikia jina la mtu tu. Kwa nini?"

Nilimjibu kwa kuanzia kwa baba yangu.

Baba alikuwa mkulima wa pamba, na siasa aliijulia kwenye mizani. Enzi za mkoloni wanunuzi walikuwa wakiwapunja wakulima uzito, na Wasukuma wakajipanga kuisimamia mizani wenyewe. Kutoka hapo vikakua vyama vya ushirika, na katikati ya miaka ya 1950 Victoria Federation, ushirika mkubwa ulioongozwa na Paul Bomani. Chama cha TANU kilipigwa marufuku Kanda ya Ziwa kuanzia 1954 mpaka 1958, hivyo kwa miaka ile mtu wa kwetu alimjua kiongozi kwa namna alivyosimama penye mizani, kadi ikaja baadaye.

Halafu ikaja enzi ya chama kimoja. Kuanzia 1965 karibu kila jimbo lilipata wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Chama kilikuwa kimoja, sera moja, nguo moja. Basi mpiga kura angechagua nini kama si mtu? Bomani huyohuyo, akiwa waziri wa fedha, aliangushwa Mwanza mwaka ule wa 1965. Baba alikuwa akilisimulia hilo kwa heshima kubwa, kwamba waziri mzima aliambiwa na wakulima asubiri. Mimi mwenyewe kura yangu ya kwanza, 1990, niliipiga kwenye jembe na nyumba. Miaka 25 ya mazoezi hayo haifutiki kwa sababu vyama vingi vimeruhusiwa.

Vilipokuja vyama vingi, Bariadi tukampata John Cheyo. Wengi nchini wanamkumbuka kwa jina la Bwana Mapesa, kwa sababu aliahidi Watanzania wawe na mapesa mifukoni. Huku alikuwa mtoto wa nyumbani, mwenye chama chake, UDP. Mwaka 1995 niliunganisha spika zangu kwa betri ya gari kwenye mkutano wake mmoja, na nikaona watu wamejaa mpaka juu ya miti. Aligombea urais akapata kama asilimia 4. Mkapa wa CCM alipata karibu 62, Mrema karibu 28, Lipumba zaidi ya 6. Mwaka 2000 Cheyo akarudi tena, asilimia 4 ileile na kidogo juu yake. Kitaifa alikuwa mdogo. Bariadi alikuwa mkubwa, na jimbo la Bariadi Mashariki lilimpeleka bungeni 2005 na 2010, akiwa mbunge pekee wa kuchaguliwa wa chama chake.

Hapo niseme neno kuhusu umati, maana umati umewadanganya wengi. Sisi Wasukuma tuna ngoma za mashindano baada ya mavuno, Bagika upande huu, Bagalu upande ule. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna anayehesabu zaidi ya hapo. Wagombea wanaotoka mbali wanaliona hilo kwenye mikutano yao na kudhani wameshinda. Lakini mtu wa kwetu Ntuzu anaweza kucheza Bagika jioni na kumpigia kura mwana wa Bagalu asubuhi. Mimi siangalii waliokuja. Naangalia waliobaki muziki ukizimwa, na nasikiliza wanauliza nini. Wakiuliza bei ya pamba, mbegu, josho la ng'ombe, wakamsogelea mgombea na kumshika mkono bila kuomba kitu, naandika alama kwenye daftari. Wakichukua fulana wakaenda zao, siandiki.

Kwa kipimo hicho niliuona mwaka 2010 ukija. Ni ukurasa ninaoupenda kuliko zote. Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujaanzishwa, ulizaliwa 2012 kutoka Shinyanga na Mwanza, lakini chukua majimbo saba yaliyomo ndani yake uone yalivyokwenda. Maswa Magharibi, John Shibuda, CHADEMA. Maswa Mashariki, Sylvester Kasulumbayi, CHADEMA. Meatu, Meshack Opulukwa, CHADEMA. Bariadi Mashariki, Cheyo, UDP. Manne kati ya saba kwa upinzani, kwenye nchi ya pamba ambayo watu wa mjini waliihesabu kuwa ya CCM tangu asubuhi. Bariadi Magharibi ilibaki kwa Andrew Chenge, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na Kisesa kwa Luhaga Mpina.

Miaka mitano baadaye, 2015, yote saba yakawa ya CCM. Mpwa wangu aliposikia akasema watu wamebadilisha chama. Nilimwambia hapana, mama. Mtazame Shibuda: alikuwa mbunge wa CCM, akashinda kwa CHADEMA, na 2020 akagombea urais kwa ADA-TADEA. Watu wake walimfuata kama abiria wanavyomfuata dereva wanayemwamini, gari likiwa lolote. Kwetu vyama vidogo vimekuwa magari ya kukodi. Mtu jina lake likikatwa anatafuta gari, anabandika jina lake, anapakia watu. Gari likiharibika njiani, abiria wanarudi kituo kikuu, na kituo kikuu ni CCM.

Kwa nini asigombee mwenyewe, kwa miguu yake? Kwa sababu sheria yetu haimruhusu. Mgombea wa ubunge au urais lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hili zaidi ya mtu yeyote. Mwaka 1994 Mahakama Kuu Dodoma, mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira, ilikubali kwamba mwananchi ana haki ya kugombea bila chama. Bunge likabadilisha Katiba kulifunga hilo. Mtikila akarudi Mahakama Kuu akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2010, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na Juni 2013 mahakama hiyo ikasema Tanzania imekiuka haki za raia wake. Mpaka leo mlango umefungwa. Ninaamini kwa moyo wote kwamba kwa watu wa Simiyu, hakuna kifungu cha sheria kilichotuumiza zaidi katika siasa. Sisi tumelelewa kuchagua mtu, na tumepewa karatasi isiyomtambua mtu mpaka chama kimtambue kwanza.

Mpwa wangu ndiye aliyenipa mfano wa kulinganisha. Kanada nako chama kina nguvu, na mgombea hawezi kutumia jina la chama bila idhini ya chama chenyewe. Lakini mlango wa pembeni uko wazi. Mwaka 2019 Jody Wilson-Raybould, aliyekuwa waziri wa sheria, alifukuzwa kwenye kundi la wabunge wa Liberal baada ya kutofautiana na Waziri Mkuu Justin Trudeau. Alirudi kwa watu wake wa Vancouver Granville, akagombea bila chama, akashinda. Na huko Calgary, mji anaokaa mpwa wangu, meya aliyechaguliwa 2010, 2013 na 2017 bila bendera ya chama alikuwa Naheed Nenshi, ambaye wazazi wake walitoka Arusha. Mtoto wa watu wa Tanzania amepita mlango ambao Tanzania yenyewe haina. Niliposimulia hilo dukani, mzee mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nilirudie.

Jambo moja la Kanada liliwakera wateja wangu. Uchaguzi wa Aprili 2025, Conservative walikuwa wameongoza kwenye maoni ya wapiga kura kwa miezi mingi. Trudeau akatangaza kung'atuka Januari, Mark Carney akachukua nafasi, Trump akaanza kutisha kuimeza nchi yao, na mambo yakageuka. Liberal wakapata viti 169 kati ya 343. Kiongozi wa Conservative, Pierre Poilievre, akapoteza hata jimbo lake mwenyewe. Kisha mbunge mmoja wa chama chake huko Alberta akajiuzulu ili ampishe, na Agosti akarudi bungeni kupitia jimbo lisilo lake. "Watu wa jimbo lile waliulizwa?" akauliza kijana mmoja wa bodaboda. Nilimwambia waliulizwa, walipiga kura. Akasema kwetu mtu wa namna hiyo tungemwuliza kwanza ng'ombe wake wanakunywa wapi.

Sasa nifike Kisesa, maana wote mnasubiri nifike.

Mpina aliiwakilisha Kisesa tangu 2005. Alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi kuanzia 2017 mpaka 2020. Juni 2024 alisimamishwa kuhudhuria vikao 15 vya Bunge baada ya mvutano wake na Waziri wa Kilimo juu ya vibali vya sukari. Mwaka 2025 Simiyu ilipata jimbo la nane, Bariadi Mjini, na watu wakawa na mengi ya kujadili, lakini mwisho wa Julai kila aliyeingia dukani aliuliza jina moja. Halikurudi.

Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, alijiunga ACT-Wazalendo na akateuliwa kugombea urais. Niliona kilichotokea Maswa na Bariadi kinatokea tena, safari hii kwa kiwango cha nchi. Tarehe 26 Agosti Msajili wa Vyama vya Siasa akautengua uteuzi wake. Tume ya Uchaguzi ikamzuia kurudisha fomu. Tarehe 11 Septemba Mahakama Kuu Dodoma ikaamuru apokelewe. Akapokelewa. Tarehe 15 Septemba Tume ikamwondoa tena, kufuatia pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wiki zile nilikuwa nikiwasha redio ya dukani kwa sauti ya juu saa za habari, na watu walisimama nje kwenye jua, wengine wametoka Mwandoya na magunia yao, wakisikiliza kama wanasikiliza hali ya mgonjwa wao. Hawakuwa wanachama wa ACT. Wengi wao wana kadi za CCM za tangu ujana. Walitaka kusikia kama mtu waliyemchagua mara nne ataruhusiwa kusimama.

Tarehe 29 Oktoba tulipiga kura. Kwetu ni majira ya kusafisha mashamba, mvua za kwanza zikinukia, mbegu ya pamba inangoja Novemba. Siku hiyohiyo intaneti ikazimwa nchi nzima, na habari za vurugu na vifo katika miji mingine zilitufikia kwa midomo ya madereva wa mabasi. Matokeo yalipotangazwa, Rais Samia alipewa karibu asilimia 98. Mpwa wangu alikuwa ananitumia ujumbe kila saa kutoka Calgary, na hakuna hata mmoja ulionifikia mpaka siku kadhaa zikapita.

Asubuhi iliyofuata siku ya kura, kabla sijafungua duka, walikuwa wamekaa barazani watu sita. Kila mmoja ameshika simu yake. Wa kwanza alikuwa mzee wa makamo aliyetoka upande wa Kisesa tangu alfajiri. Akanipa simu kwa mikono miwili, akasema, "Fundi, imekufa tangu jana. Wanangu wako Dar es Salaam, siwapati WhatsApp." Nikafungua kifuniko, nikatoa betri, nikasafisha vidole vya shaba kwa kitambaa, nikairudisha na kuiwasha. Nikaiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kwa sababu aliniangalia mimi. Kisha nikamrudishia, sikumtoza kitu, nikamwambia simu yake ni nzima.