Pikipiki kuukuu haitaki rangi ya pupa

Juma lililopita, nikiwa kwenye foleni ya magari pale Buguruni, kijana mmoja wa bodaboda alisogeza pikipiki yake karibu na yangu, akaitazama yangu kuanzia taa hadi madigadi ya nyuma, kisha akatikisa kichwa. "Mzee wangu," akaniambia, "chombo kizuri hivi unakiacha kinachakaa? Kipige rangi!" Foleni ikasogea, akaondoka kabla sijamjibu. Leo namjibu, msikilizaji, na nawajibu wengine wenye pikipiki ya marehemu baba au babu imelala stoo ikisubiri fundi.

Yangu ni BSA Bantam ya cc 125, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, katika miaka ya 1950. Baba aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, mwaka 1971, mwaka uleule kiwanda kilipoacha kutengeneza Bantam. Alikuwa bwana shamba mkoani Morogoro, na mimi nilipakiwa mbele juu ya tangi kabla sijaanza shule. Umbo la pikipiki hii, kwa hakika, si la Waingereza. Lilichukuliwa kutoka DKW RT 125 ya Wajerumani, kama sehemu ya fidia ya vita vilivyokwisha mwaka 1945. Hata Yamaha walipotoa pikipiki yao ya kwanza mwaka 1955, waliigeza hiyohiyo. Kwa hiyo mwenye Yamaha asiicheke Bantam. Hao ni ndugu.

Bantam za mwanzo zilitoka kiwandani na kijani kilichopauka, kama ukungu wa asubuhi milimani, karibu chombo kizima. Ubavuni mwa tangi kuna eneo la rangi ya pembe ya ndovu, lililozungushiwa mstari mwembamba. Kwenye tangi langu, pale magoti ya baba yalipokaa miaka yote ile, rangi imelika hadi chuma kinaonekana. Hapo ndipo kijana wa Buguruni alipoona uchakavu.

Sasa nikiri kosa langu. Miaka michache iliyopita nilipeleka madigadi ya mbele kwenye gereji moja mjini. Sikukaa kuangalia. Wakaikwangua kwa mashine ya kusagia, wakajaza pati palipobonyea, wakapuliza kijani chenye kung'aa kama mlango wa duka la dawa. Nilifurahi nayo nikaipeleka nyumbani. Mama akaizunguka pikipiki mara mbili, akaniuliza, "Hii ya mbele ni ya nani?" Masika ya kwanza kupita, rangi ile ikaota malengelenge.

Malengelenge yale yana sababu. Kutu ikichukua nafasi ya chuma huvimba, inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na hivyo huinua rangi iliyo juu yake. Fundi akipuliza rangi juu ya kutu asiyoimaliza, amefunika moto kwa shuka. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba rangi ya kiwandani ilikuwa imeokwa. Viwanda vya wakati ule vilipaka rangi ya enameli, kisha vikaingiza vyuma kwenye tanuri mpaka rangi ikakamaa. Ndiyo maana imevumilia matope, jua na mbolea zaidi ya miaka 60. Ukiisha kuikwangua, hakuna duka linalokuuzia nyingine.

Basi tangi nililifanya mwenyewe, pole pole, nikianza na maji na sabuni. Utashangaa ni kiasi gani cha kile tunachokiita kupauka ni grisi na vumbi. Baada ya hapo nilijaribu rangi mahali pasipoonekana, chini ya tangi, kwa kitambaa kilicholowa tina kidogo. Rangi ikilainika na kushika kitambaa, huenda ni selulosi iliyopulizwa na fundi wa baadaye. Ikikaa imara, basi ina dalili ya kuwa ile iliyookwa. Kisha nikaisugua kwa dawa laini ya kung'arishia. Jua hula ngozi ya juu ya rangi na kuigeuza kama chaki. Ukiiondoa ngozi hiyo, chini yake kuna rangi hai. Ila nenda taratibu kwenye kingo na kona, kwani huko rangi ni nyembamba mno, na mizunguko michache tu ya mkono yaweza kukufikisha kwenye chuma.

Kazi ngumu kuliko zote ni kupata rangi inayofanana. Kijani halisi cha kiwandani nilikipata chini ya kiti, ambako jua halikufika. Nikafikiri nimemaliza. La hasha! Nilipotia tone moja la kijani kile kwenye mchubuko, likaonekana kama kovu la ndui. Anayeziba michubuko hatafuti rangi ya miaka ya 1950, anatafuta rangi ya leo, iliyopauka, ya jirani wa ule mchubuko. Nilichanganya mara nne, kila mara nikipaka kwanza kwenye kipande cha bati, nikisubiri ikauke, kisha nikiitazama juani. Usichague rangi chini ya taa ya tyubu. Rangi mbili zinazofanana dukani zaweza kugombana barabarani.

Mchubuko wenyewe husafishwa kwa ncha ya kisu hadi kutu yote iishe, hupakwa dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, kisha praima, kisha rangi kwa brashi ndogo ya mchoraji, tabaka jembamba juu ya jembamba. Niliacha wiki mbili kabla ya kusawazisha kwa msasa wa maji namba 2000. Sehemu ya magoti sikuigusa kwa rangi. Niliipaka nta tu ili isishike kutu.

Hapa Dar es Salaam hewa nayo ni adui. Rangi ya selulosi ikipulizwa wakati wa masika huweza kugeuka nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Tina inaporuka hupoza chuma, na unyevu wa hewani hutua juu ya rangi mbichi, kama maji yanavyotua nje ya chupa ya soda baridi. Fundi anayekwambia mvua si kitu anataka hela ya mwisho wa juma.

Sasa naomba unisikilize vizuri. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na haihusu pikipiki peke yake. Ukizipiga msasa mkavu, vumbi lake huingia mapafuni, hushika nguo, na huingia nawe ndani walipo watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Piga msasa kwa maji, kusanya tope lake, oga kabla hujambeba mtoto. Na zile rangi za kisasa zinazochanganywa na kikausho, ambazo mafundi wanazipenda kwa kuwa zinang'aa na petroli haizidhuru, nyingi zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mpulizaji ugonjwa wa pumu wa maisha. Kwenye gereji ile niliyoisema, kijana aliyepuliza madigadi yangu alikuwa amejifunga leso puani. Leso haizuii kitu hapo. Kunahitajika kinyago kinacholetewa hewa safi kwa bomba, na mahali pa kupulizia palipotengwa. Nilimlipa nikaondoka bila kumuuliza, na hilo linanisumbua kuliko madigadi.

Sisemi pikipiki isipakwe upya kamwe. Kama fremu imeliwa na kutu, au kama wamekwisha kuipulizia mara tatu kabla yako, hakuna cha kuhifadhi. Kwangua, tibu chuma, paka yote, na hapo ndipo uitumie ile rangi ya chini ya kiti.

Madigadi yangu ya mbele ni ya namna hiyo sasa. Imelala barazani kwa mama, imekwanguliwa kwa maji, ina praima ya kijivu. Rangi nimekwisha kuichanganya. Nangoja mvua zikatike.