Uteuzi wa kikosi bora cha wakati wote

Uteuzi wa kikosi bora cha wakati wote ni shindano la kufikirika la mpira wa miguu. Kila mshiriki huwa kocha wa timu yake ya kwenye karatasi, na washiriki huchagua kwa zamu wachezaji wa vizazi vyote. Mchezaji akishachukuliwa na mshiriki mmoja hawezi kuchukuliwa na mwingine. Vikosi vikikamilika hupangiwa mechi za kufikirika, na mshindi huamuliwa kwa kura. Wengine huuita drafti, lakini hauhusiani na mchezo wa drafti unaochezwa kwa kete au visoda.

Makala hii inaeleza kanuni za uteuzi huo kwa mifano kutoka mikoa ya Shinyanga na Geita, ukanda wa almasi na dhahabu ulio kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Klabu tatu za ukanda huo zimecheza Ligi Kuu Tanzania Bara tangu mwaka 2014, nazo ni Stand United na Mwadui za Shinyanga pamoja na Geita Gold ya Geita.

Asili

Kuchagua kwa zamu ni desturi ya zamani ya watoto uwanjani: manahodha wawili husimama mbele, kila mmoja huita jina moja, mpaka wachezaji wote waishe. Nchini Marekani ligi ya NFL ilianza mwaka 1936 kugawa wachezaji wapya kwa zamu ili klabu dhaifu zipate nafasi ya kuchagua mapema.

Kuna pia vikosi vya wakati wote vinavyotajwa na jopo bila kuchagua kwa zamu. Mwaka 2020 jarida la Ufaransa la France Football lilitangaza kikosi kilichopigiwa kura na waandishi wa habari 140. Kiliwajumuisha Yashin, Cafu, Beckenbauer, Maldini, Xavi, Matthäus, Pelé, Maradona, Messi, Ronaldo wa Brazil na Cristiano Ronaldo. Hakuna Mwafrika hata mmoja katika kumi na mmoja hao.

Jinsi ya kuchagua kwa zamu

Zamu zikirudiwa kwa mpangilio uleule, anayeanza hufaidika kila mara. Kwa washiriki wanne na raundi nne, wa kwanza hupata chaguo la 1, la 5, la 9 na la 13, jumla 28. Wa nne hupata la 4, la 8, la 12 na la 16, jumla 40. Kadiri jumla inavyokuwa ndogo ndivyo mshiriki anavyokuwa amechagua mapema zaidi.

Kwa hiyo hutumiwa zamu ya kwenda na kurudi: anayemaliza raundi moja ndiye anayeanza raundi inayofuata. Hapo wa kwanza hupata chaguo la 1, la 8, la 9 na la 16, na wa nne hupata la 4, la 5, la 12 na la 13. Kila mmoja ana jumla ya 34. Nani aanze huamuliwa kwa kura ya bahati.

Nani anastahili kuchaguliwa

Kabla ya jina la kwanza kutajwa, washiriki hukubaliana ni nani anayehesabiwa kuwa mchezaji wa eneo husika. Vigezo vya kawaida ni vitatu: kuzaliwa hapo, kulelewa kisoka hapo, au kuvaa jezi ya timu ya hapo.

Kigezo cha kuzaliwa kina ugumu wake katika ukanda huu kwa sababu mipaka imebadilika. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Bukombe ilitoka Shinyanga, na Geita yenyewe ilikuwa wilaya ya Mwanza. Mwaka huohuo Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga na kuingia katika mkoa mpya wa Simiyu. Mchezaji aliyezaliwa Bariadi mwaka 1970 alizaliwa Mkoa wa Shinyanga, ingawa leo kwao ni Simiyu. Kanuni lazima iseme kama inafuata mipaka ya wakati ule au ya sasa.

Kigezo cha kulelewa kinawasaidia walioanzia nyumbani wakapata sifa kwingine. Edibily Lunyamila, winga wa Yanga na Taifa Stars, alitokea Biashara ya Shinyanga. Alikuwa katika kikosi cha Yanga kilichoifunga SC Villa 2–1 mjini Kampala na kutwaa Kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1993.

Kigezo cha jezi ndicho chenye ushahidi mwingi, lakini kinaleta swali la nyongeza: je, kinachopimwa ni kazi yote ya mchezaji au kazi aliyoifanya akiwa na jezi hiyo tu? Mwaka 2015 Mwadui, iliyokuwa imepanda Ligi Kuu chini ya kocha Jamhuri Kihwelo "Julio", iliwasajili Jerry Tegete na Nizar Khalfan. Nizar alikuwa ameshacheza Vancouver Whitecaps ya Kanada. Kwa kazi yake yote angechukuliwa mapema sana, lakini kwa kazi ya Mwadui peke yake Salim Aiyee, aliyeifungia mabao 18 msimu wa 2018/19, angemtangulia. Vivyo hivyo Saido Ntibazonkiza wa Burundi aliichezea Geita Gold nusu ya msimu wa 2022/23, kisha akahamia Simba na kumaliza msimu akiwa na mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga. Kanuni ya jezi inaipa Geita Gold sehemu tu ya mabao hayo.

Kulinganisha takwimu

Idadi ya mabao peke yake hupotosha, kwa kuwa ukubwa wa ligi umebadilika mara kwa mara. Msimu wa 2014/15 ulikuwa na timu 14, yaani mechi 26 kwa kila timu. Msimu wa 2018/19 ulikuwa na timu 20 na mechi 38. Msimu wa 2021/22 ulikuwa na timu 16 na mechi 30.

Njia rahisi ni kugawa mabao kwa idadi ya mechi za msimu:

Salim Aiyee, Mwadui, 2018/19: mabao 18 kwa mechi 38, sawa na 0.47
George Mpole, Geita Gold, 2021/22: mabao 17 kwa mechi 30, sawa na 0.57
Meddie Kagere, Simba, 2018/19: mabao 23 kwa mechi 38, sawa na 0.61
Simon Msuva, Yanga, 2014/15: mabao 17 kwa mechi 26, sawa na 0.65

Aiyee ana bao moja zaidi ya Mpole, lakini wastani wa Mpole ni mkubwa zaidi. Mpole ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa ligi msimu huo, na Geita Gold, iliyokuwa imepanda daraja tu chini ya kocha Fred Felix Minziro, ilishika nafasi ya nne. Hesabu hii ina upungufu wake, kwani haionyeshi mechi ambazo mchezaji hakucheza wala nguvu ya wenzake. Kufunga mabao 18 katika Mwadui, timu iliyomaliza msimu ikilazimika kucheza mechi za mchujo ili isishuke, ni kazi tofauti na kufunga katika timu inayowania ubingwa. Katika mchujo huo wa mwaka 2019 Mwadui iliitoa Geita Gold, iliyokuwa ikitaka kupanda.

Mabao mengine huhitaji kukaguliwa kabla ya kuhesabiwa. Mwaka 2016 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) liliziadhibu timu kadhaa za Ligi Daraja la Kwanza, Geita ikiwa mojawapo, kwa tuhuma za kupanga matokeo baada ya mechi za mwisho kumalizika kwa mabao mengi kupita kiasi. Nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza.

Mechi moja na msimu mzima

Watu hukumbuka zaidi siku kubwa. Septemba 2018 Alex Kitenge wa Stand United aliifunga Yanga mabao matatu jijini Dar es Salaam, ingawa timu yake ilipoteza 4–3. Oktoba 2019 Mwadui iliifunga Simba 1–0 mjini Shinyanga, na Simba ndiyo iliyokuja kuwa bingwa msimu huo. Novemba 2015 Elias Maguli, akiwa mchezaji wa Stand United, aliifungia Taifa Stars bao moja katika sare ya 2–2 dhidi ya Algeria, bao la pili likifungwa na Mbwana Samatta.

Siku kama hizo huonyesha kiwango cha juu ambacho mchezaji aliweza kukifikia. Msimu mzima huonyesha uthabiti wake. Washiriki wanapaswa kuamua mapema ni kipi kina uzito zaidi, la sivyo kila mmoja atatumia kipimo kinachomfaa mchezaji wake.

Uhaba wa nafasi

Mshiriki mzoefu hachukui jina kubwa kuliko yote, bali huangalia nafasi ipi itaisha haraka. Wakiwepo washambuliaji kumi wanaokaribiana kiwango na makipa wawili tu walio bora, kumchukua kipa mapema kuna faida zaidi, kwa sababu mshambuliaji mzuri atapatikana hata raundi ya tano. Kikosi cha majina kumi na moja ya mbele hakina wa kukaba, na hilo hutajwa na wapinzani wakati wa kura.

Tatizo la kumbukumbu

Udhaifu mkubwa wa mchezo huu ni kwamba huchaguliwa anayekumbukwa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo mchezaji alionekana na waliofika uwanjani tu, na wengine walimsikia kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam. Kwa hiyo majina ya miaka ya karibuni hujaa mwanzoni mwa orodha bila kuthibitika kwamba waliotangulia walikuwa dhaifu. Mgodi wa almasi wa Mwadui ulianzishwa mwaka 1940, lakini misimu inayotajwa kwa urahisi ni ile ya 2015 hadi 2021.

Upendeleo huo pia hufuata nafasi uwanjani. Wafungaji wana idadi ya mabao, ilhali mabeki na viungo wakabaji wa timu ndogo hawana takwimu zinazowatetea. Klabu nazo hushuka: Stand United iliondoka Ligi Kuu mwaka 2019, Mwadui mwaka 2021 na Geita Gold mwaka 2024. Klabu ikishuka, habari zake hupungua magazetini na wachezaji wake husahaulika upesi zaidi kuliko wale waliohamia Simba au Yanga.

Njia mbili hutumika kupunguza tatizo hili. Ya kwanza ni kugawa nafasi kwa vipindi, kwa mfano kila kikosi kiwe na wachezaji wasiopungua watatu waliocheza kabla ya 1994. Ya pili ni kumtaka mshiriki alete ushahidi wa kila jina: gazeti la wakati huo, orodha ya kikosi, picha, au maelezo ya watu wawili waliomwona akicheza. Shuleni kazi hii inaweza kuwa zoezi la historia, kwa kuwa wanafunzi hulazimika kuwauliza wazee na kuandika majibu yao kabla hayajapotea.

Kura na mshindi

Kila mshiriki huonyesha mpangilio wa timu yake, kama 4–4–2 au 4–3–3, na kueleza kwa ufupi sababu za uteuzi wake. Wapiga kura hawatakiwi kuwa miongoni mwa washiriki. Hupima uwiano wa kikosi, ushahidi uliotolewa na namna wachezaji wangeelewana uwanjani. Kukiwa na vikosi vinane, mechi huwa za mtoano: nne, kisha mbili, kisha fainali. Kura zikilingana, mara nyingi ushindi hupewa kikosi kilichochagua baadaye katika raundi ya kwanza.