Walioshika ncha za mkeka

Juma lililopita baba mmoja aliingia ofisini kwangu parokiani akiwa na uso wa msiba. Nikajiandaa kusikia habari za kifo. Kumbe binti yake aliyemaliza kidato cha nne amepata nafasi katika chuo cha kati cha afya, kusomea stashahada ya maabara. “Padri,” akaniambia, “mimi nilimwomba Mungu mtoto daktari. Sasa nilipe ada miaka mitatu mtoto akapime mikojo ya watu?”

Sikumcheka, maana nami niliwahi kuwaza hivyohivyo. Miaka michache iliyopita mwili ulichoka, kinywa kikawa kinakauka, usiku naamka mara kwa mara. Kama tulivyozoea wengi, nikajiamulia mwenyewe kuwa ni malaria. Nikameza dawa ya mseto, nafuu sikuiona. Mwishowe nikaenda hospitali kumwona daktari ninayefahamiana naye. Akaandika vipimo, nami nikaingia maabara nikimsalimu kijana wa pale kwa haraka, kama mtu anayempita mlinzi getini. Kijana akachukua damu, akapima, akanyamaza. Kisha akasema, “Baba Padri, samahani, narudia kipimo. Sitaki kukosea.”

Malaria haikuwapo. Sukari ilikuwa juu sana. Ni kweli daktari alinitibu, lakini alitibu kile ambacho kijana yule alikiona. Kama angeandika tu majibu niliyoyatarajia, pengine safu hii leo ingeandikwa na mwingine.

Fungua Injili ya Marko, sura ya pili. Mtu aliyepooza analetwa kwa Yesu kule Kapernaumu, amebebwa na watu wanne. Mlangoni hapapitiki. Wanapanda juu ya nyumba, wanatoboa dari, wanamshusha na mkeka wake. Majina yao hatuambiwi. Hawakumponya mgonjwa, wala hakuna neno lao lililoandikwa. Hata hivyo Mwinjili anasema kwamba Yesu aliiona imani yao, ndipo akasema na mgonjwa. Ncha moja ya mkeka ikiachiwa, mgonjwa anaanguka kabla hajamfikia Mganga.

Hospitali zetu zina wabebaji wa namna hiyo. Yuko anayetafuta vimelea vya kifua kikuu katika makohozi ambayo wewe usingependa hata kuyatazama. Yuko anayepiga picha ya eksirei ili daktari ajue mfupa umevunjika wapi. Yuko anayehesabu vidonge na kumweleza bibi yako ameze vingapi na saa ngapi. Yuko anayemfundisha mtu aliyepata kiharusi kushika tena kijiko, siku baada ya siku.

Pale Moshi, katika eneo la Hospitali ya KCMC, kipo chuo kilichoanza mwaka 1981, kinaitwa TATCOT. Kinafundisha kutengeneza viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo dhaifu, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Fikiria kijana aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda. Daktari wa upasuaji anamhitaji kwa saa chache. Fundi wa mguu bandia na mtaalamu wa mazoezi ya viungo atawahitaji kwa miaka.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu mganga. Sehemu hiyo tunaikumbuka. Tunachosahau ni kwamba mstari wa nane unamtaja pia mchanganya dawa, na kuonyesha kuwa kazi ya Mungu inaendelea kupitia mikono yake. Waliosema kidole kimoja hakivunji chawa hawakukosea.

Kijana unayejiandaa kwenda chuo cha afya, nina maneno mawili kwako. La kwanza, usiende kama mtu aliyeshindwa. Anayesoma huku anaionea haya kazi yake ataifanya nusunusu, na nusu ya kipimo ni hatari kuliko kutopima kabisa. La pili, uwe mwaminifu mahali ambapo hakuna anayekuona. Utakuwa peke yako na darubini, foleni ni ndefu, njaa inauma, na kuandika majibu ya kubuni ni kazi ya sekunde mbili. Hapo ndipo imani yako itakapopimwa, kuliko hata kanisani.

Mzazi, kabla ya kulipa ada hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET. Wapo waliouza shamba kwa ajili ya cheti kisichotambulika. Wala nisikudanganye kwamba ajira inamsubiri mwanao mlangoni. Wapo wahitimu wanaokaa muda mrefu bila kazi. Lakini usimfungie mlango kwa sababu tu jina la kazi halikupi la kujivunia mbele ya majirani.

Nasi waamini tujiulize. Kwa harusi ya siku moja tunaunda kamati, tunagawa kadi, tunakumbushana ahadi kwa simu hadi usiku. Mtoto wa jumuiya akikosa ada ya muhula, tunamwambia tutamkumbuka katika sala. Wale wanne wa Kapernaumu wangeishia kusali tu, yule mgonjwa angebaki nyumbani kwake.

Yule baba nilimsimulia habari ya sukari yangu. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, “Basi Padri, shida iliyobaki ni ada.” Ameahidi kuuza mbuzi wawili. Shangazi wa binti atanunua sare na vitabu. Mimi nimeahidi sehemu yangu.

Ncha tatu zimeshikwa. Leo jioni nitakwenda kwenye jumuiya yao kuulizia ya nne. Je, katika jumuiya yako, nani analala kwenye mkeka akisubiri wa kuubeba?